Rangi Halisi ya Ng'ombe wa Usagara

Inatangazwa kwa wanachama wote wa Umoja wa Wafugaji Mshikamano kwamba, kuanzia tarehe mosi Julai, kila ng'ombe wa mwanachama atatambuliwa kwa picha ya kidijitali yenye rangi halisi, itakayotunzwa katika kompyuta ya Umoja; na kwamba utambuzi wa kienyeji, yaani wa mtu kumtazama ng'ombe kwa macho na kusema huyu ni wa fulani, umepitwa na wakati na hautapokelewa tena mbele ya kamati, wala mbele ya bima, wala popote penye muhuri.

Tangazo lilikuwa na vifungu saba. Lilibandikwa kwenye ukuta wa josho la Usagara, mahali ambapo ng'ombe hupita kwa foleni kila Alhamisi wakienda kuogeshwa dawa ya kupe, kwa hiyo wao ndio waliokuwa wasomaji wake wa kwanza.

Utambuzi wa kienyeji ulikuwa na jina, na ulikuwa na baiskeli. Uliitwa Mzee Luhaga. Kwa miaka thelathini na ushei, ng'ombe walipochanganyika malishoni au mnadani, aliyeitwa ni yeye. Alifika, akaegesha baiskeli, akawatazama ng'ombe kama mwalimu wa zamu anavyowatazama waliochelewa, akasema: huyu wa kwa fulani, huyu wa kwa fulani, yule mgeni, mrudisheni. Kisha alinunuliwa soda. Haijulikani kama aliwahi kukosea. Kama alikosea, ng'ombe mwenyewe hakulalamika. Mtu wa Kiswahili akishasema mwekundu, mweusi, mweupe na wa mabaka, huwa amemaliza. Mzee Luhaga, kwa Kisukuma chake, akifika hapo ndiyo kwanza anavuta pumzi.

Kazi ya kupiga picha za kumstaafisha ilitafutiwa mtu, na mtu huyo akawa Dorotea Chenge, mwenye studio Nyegezi, Mwanza, mlango wa tatu ukitokea stendi ya mabasi. Dorotea ni mtoto wa Usagara. Marehemu baba yake alikuwa mwanachama wa Umoja kwa ng'ombe wanne, na kamati iliona ni vyema kazi isitoke nyumbani.

Ana miaka arobaini na minne, na nusu yake hasa ameipitisha nyuma ya kamera. Alianza enzi za filamu, alipokuwa akiwaambia wateja warudi Jumatano. Studio yake ina pazia la bluu, pazia jekundu, stuli, kioo chenye ufa, na koti moja la suti la kuazimisha. Chuo kikuu kiko jirani, na wanafunzi hawana makoti. Koti hilo limehitimu shahada zaidi ya mara mia nne na limefunga ndoa mara kumi na tisa. Limeomba kazi katika kila ofisi ya nchi hii na mpaka leo halijaajiriwa.

Simu zilipopata kamera nzuri, watu waliacha kuja studio kwa picha za furaha. Wakabaki kuja kwa zile wanazolazimishwa: za pasipoti, za leseni, za fomu. Mwenye nyumba aliona jambo hilo kabla ya Dorotea kulitamka. Alikuwa ameshaupima mlango kwa futi mara mbili, kwa ajili ya muuza chipsi aliyetaka kuweka jiko, na mara zote mbili alimsalimia mpangaji wake kwa upole usio wa kawaida. Ng'ombe wa Umoja walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Kazi hiyo ikipatikana, mlango ungebaki wa picha. Ikikosekana, ungenukia viazi kufikia Agosti. Dorotea alilijua hilo, na muuza chipsi alilijua, na ndiyo maana walikuwa wakisalimiana kama majirani wema.

Kilichobaki ni kuieleza kompyuta yake. Ilikuwa ya mezani, iliyonunuliwa miaka kumi na mitatu iliyopita ikiwa tayari mtumba. Skrini yake ilikaa karibu na mlango, ambapo jua la alasiri huipiga usoni. Ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB nne tu, na ilifungua picha kuanzia juu kwenda chini, kwa utulivu: Dorotea aliweza kubonyeza, akainjika chai, akarudi na kuikuta imefika kwenye nyusi. Kwa sababu hiyo alikuwa na desturi ambayo mpiga picha hapaswi kuwa nayo. Alikuwa hazitazami picha zake.

Badala ya kutazama, alikuwa na Pasi. Pasi ni jina aliloipa amri moja aliyoitengeneza mwenyewe ndani ya kompyuta, miaka tisa iliyopita, baada ya msimu mzito wa mahafali. Ukiibonyeza, inachukua picha zote zilizomo kwenye folda na kuzinyoosha moja baada ya nyingine, bila mtu: inalainisha ngozi, inafuta madoa, makovu na chunusi, inayatakasa macho, inaongeza mwanga usoni. Wateja waliipenda Pasi bila kujua kama ipo. Kuna mama mmoja wa Buhongwa aliyekuja kupiga picha ya pasipoti kila mwaka, na hakuwa na safari.

Kwa mujibu wa kifungu cha tano, kamati ilitaka kwanza kuona mfano wa ng'ombe kumi na wawili. Dorotea alikwenda josho siku ya Alhamisi, akawapiga kumi na wawili, kila mmoja picha moja inayoonyesha ubavu na uso, na aliwapiga vizuri. Ng'ombe hamuulizi mpiga picha kama ametoka mnene. Alirudi Nyegezi, akazimwaga picha kwenye folda, akabonyeza Pasi, akaenda kuwahudumia abiria wawili wa Bukoba waliohitaji picha kabla basi halijaondoka. Jioni picha zilikuwa zimechapwa. Alizitia kwenye bahasha zikiwa zimefunikana.

Alhamisi iliyofuata kamati ilikaa kwenye benchi la josho. Katibu alikuwa Antoni, mwalimu mstaafu, mtu wa haki na wa vifungu. Mzee Luhaga alikuwepo kama mgeni mwalikwa, kwa sababu ng'ombe wa kwanza kwenye orodha alikuwa wake, ng'ombe jike aliyemwita Kabula, kwa desturi ya Kisukuma, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua. Antoni alimpa picha. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni Kabula, baba," Dorotea akasema.

"Kabula ana madoa kumi na moja shingoni na kovu la fisi begani. Huyu hana kitu." Akaendelea kutazama, kwa heshima. "Huyu ametoka saluni."

Benchi lilicheka, kisha likaomba kuona. Picha zikapita mkono kwa mkono. Ng'ombe wote kumi na wawili walikuwa laini kama maharusi. Mabaka yalikuwa yamekwenda, alama za chuma cha moto zimekwenda, sikio lililochanika la ndama mmoja limeshonwa bila uzi. Dume la Chenge mdogo, baba mdogo wa Dorotea, ambalo huogopwa hadi Misungwi, lilikuwa na macho meupe yenye kung'aa na uso wa mtu anayegombea udiwani. Mzee Luhaga aliongeza kwamba hata bila urembo huo wa saluni rangi yenyewe si yake. Kabula, alisema, ni wa rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo ikasahaulika jikoni. Huyu wa kwenye karatasi ni nyanya.

Antoni alifungua kifungu cha sita, kinachosema kwamba mfano ukikataliwa kazi hupewa mwingine. Alikisoma chote. Kisha, kwa kumkumbuka marehemu mwenye ng'ombe wanne, akasema kifungu hakitaji siku, kwa hiyo anampa wiki mbili alete tena wale wale kumi na wawili. Zikikataliwa, kuna studio mjini imeshaandika barua.

Dorotea hakujitetea. Alizikusanya picha zake, akazitazama moja moja pale pale, jambo lililokuwa limechelewa kwa wiki nzima, akasema kosa ni lake na la mashine yake, kwa mpangilio huo. Aliaga wote kwa majina. Wapo waliodhani ameumia sana, lakini alikuwa anafikiri tu, na yeye akifikiri hununa.

Alipofika Nyegezi alikuwa ameshaamua kununua mashine nyingine. Pasi aliijua dawa yake: asiibonyeze. Lakini kutoibonyeza maana yake ni kutazama picha mia mbili na kumi na mbili kwa macho, na mashine yake haikumruhusu mtu kutazama, ilimruhusu kungoja. Na rangi nayo ilikuwa kosa la skrini, ambayo kwa miaka mingi ilionyesha nyuso za watu zikiwa na ubuluu wa ugonjwa, naye akawa ameiamuru Pasi izisogeze kwenye wekundu mpaka zipone. Zilipochapwa zilikuwa nyekundu. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kurudi kusema amependeza kupita kiasi.

Alikuwa na fedha zilizotosha kununua sanduku kubwa la kompyuta na skrini ya kawaida, au sanduku la kawaida na skrini nzuri. Aliuliza watu watano, na wote watano walimshauri sanduku. Mmoja wao alikuwa kinyozi.

Duka la Zadok Otuoma liko mjini, upande wa Makoroboi, ghorofa ya kwanza juu ya muuza vitenge. Zadok ni mtu wa Shirati, fundi na muuzaji kwa pamoja, na huuza zaidi kompyuta zilizostaafu katika maofisi ya Ulaya. Zinakuja Mwanza kuanza maisha. Alimpokea Dorotea kwa furaha na kumpeleka moja kwa moja mbele ya mashine ya magemu yenye ubavu wa kioo, feni tatu ndani, kila feni ikiwaka rangi saba kwa zamu. Alisema hii ni moto, mama, haina kitu inachoshindwa. Dorotea aliuliza kama taa zinazimika. Zadok akataka kujua kwa nini mtu azime uzuri.

"Mimi nahukumu rangi, mdogo wangu," Dorotea akasema. "Siwezi kufungua mahakama ndani ya disko."

Alitoa flashi kwenye mkoba. Ndani yake mlikuwa na zile picha kumi na mbili kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla ya Pasi. Aliomba kila mashine iliyoko dukani izifungue zote kumi na mbili kwa mpigo, na yeye akasimama na saa ya mkononi. Zadok alisema wateja wengi huuliza tu kama ina bluetooth. Mashine ya disko ilifungua haraka. Lakini pembeni, chini ya meza, ilikuwepo nyingine, sanduku zito la kijivu, lenye mkwaruzo wa stika ya ofisi, sura ya mtu aliyefanya kazi ya uhasibu maisha yake yote bila kupandishwa cheo. Hiyo nayo ilijaribiwa, kwa kuwa Dorotea alisema kila mashine. Ilizidiwa sekunde chache tu. Alimwambia Zadok aifungue.

Ndani mlikuwa na prosesa nzuri isiyojisifu, RAM ya GB nane, na nafasi tatu za RAM zilizokuwa wazi. Diski ilikuwa ile ya zamani inayozunguka na kukoroma. Dorotea aliinama, akachungulia kama anayekagua chumba cha kupanga, akatoa maagizo: nafasi zote zijazwe mpaka GB thelathini na mbili, iwekwe SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya kufanyia kazi, hiyo diski inayokoroma isafishwe ibaki kuwa ghala la picha zilizokwisha. Zadok alimkumbusha kadi ya picha, kubwa, yenye feni zake binafsi, akasema bila hiyo mpiga picha hajakamilika.

"Hiyo ni ya picha zinazokimbia," Dorotea akasema. "Ng'ombe wangu wamesimama."

Zadok, ambaye si mbishi wa bure, alikubali, kisha akamuuliza mambo haya ameyasomea wapi. Dorotea alimjibu kwamba mtu akikaa miaka kumi na mitatu mbele ya mashine inayongoja, mwisho hujua inangoja nini.

Iliyobaki ni skrini, na hapo ndipo wote wawili walipokwama. Kwenye rafu palikuwa na skrini tano. Zadok aliziunganisha zote, akaweka picha moja, ya Kabula, na Kabula akatokea mara tano katika rangi tano, kila mmoja akijiamini. Kipo kidude cha kupimia rangi za skrini, Zadok alieleza, unakibandika kwenye kioo kinakuambia ukweli, lakini huagizwa Dar es Salaam na huchukua wiki tatu. Dorotea alikuwa na siku tisa.

Alizitazama zile skrini. Yeye mwenyewe, ambaye macho yake yalikuwa yamezoea uongo wa skrini ya mlangoni, alijua hafai kuwa shahidi. Akamwambia Zadok asiziguse mpaka kesho asubuhi. Chombo cha kupimia anacho, kiko Usagara.

Kesho yake, saa tatu, alipanda ngazi za duka akiwa na Mzee Luhaga, aliyekuwa amevaa koti lake mwenyewe, zito, la kwenda mjini. Mzee alimsalimia fundi kwa "mwangaluka", na fundi, ambaye Kisukuma chake kinaishia hapo, akajibu kwa shikamoo na kumpa kiti kinachozunguka. Mzee alikizungusha kidogo kukijaribu. Aliuliza kijana huyu ni wa wapi. Akaambiwa ni Mjaluo wa Shirati, watu wa samaki. Zadok akasema ni kweli, kwao ng'ombe wapo ila samaki ndio wanaojulikana zaidi.

"Samaki wote wanafanana," Mzee Luhaga akasema, kwa sauti ya kufariji. "Ndiyo maana hamkulazimika kuwa na macho."

Zadok alicheka, akawasha skrini. Kabula akatokea mara tano.

Mzee hakushangaa. Alisogeza kiti mbele ya skrini ya kwanza, akaitazama, akasema huyu ana homa. Akasogea ya pili: huyu alikufa jana. Ya tatu, iliyokuwa kubwa na ghali kuliko zote na ambayo Zadok aliipangusa vumbi kila asubuhi, aliipa muda, kisha akasema huyu amepakwa mafuta ya kula, anapelekwa kuuzwa kwa mtu asiyejua. Mbele ya nne alitabasamu. Huyu alimjua. Hakuwa Kabula, ila angekuwa mdogo wake Kabula, kama mama yao angepandwa tena na dume lile lile.

Ya tano ilikuwa skrini nzito isiyong'aa, iliyokuja na mzigo wa ofisi moja ya wachora ramani. Zadok alikuwa hajaihangaikia hata kuifuta. Mzee Luhaga alikaa mbele yake mpaka muuza vitenge wa chini akamaliza kubishana na mteja.

"Huyu ni Kabula," akasema. "Ila jua limezama."

Zadok aliinama akitafuta vitufe nyuma ya skrini. Akapandisha mwanga. Mzee akasema linachomoza. Akapandisha zaidi. Mzee akasema sasa amesimama mchana kweupe na hilo si jambo la Kabula, rudi. Fundi akarudi. Ikabaki ubuluu kidogo kwenye tumbo, mahali penye weupe. Dorotea akamwonyesha Zadok mahali pa kuupunguza, kidogo, kidogo tena, huku mzee ameinua mkono kama anayezuia gari.

"Hapo," akasema. "Hapo ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, hajaogeshwa bado."

Dorotea alitazama taarifa za picha. Ilikuwa imepigwa Alhamisi, saa tatu na dakika kumi. Zadok alitoa kipande cha gundi ya karatasi akavifunika vile vitufe ili asije mtu akavigusa, na tangu siku hiyo alipunguza kumsifia mteja ile skrini ya tatu, ingawa hakuacha kabisa.

Walipokuwa wanangoja sanduku lifungwe, mzee alisema jambo ambalo huenda alikuwa nalo tangu Usagara.

"Mwanangu, wewe ndiye unayekuja kuchukua kazi yangu. Halafu umenileta mjini nikufundishe kuichukua."

"Ndiyo, baba," Dorotea akasema. "Ningemuuliza nani mwingine?"

Mzee alilifikiria swali hilo, akaomba soda.

Mashine mpya ilipowekwa studio, haikuwekwa mahali pa ile ya zamani. Dorotea aliihamisha meza hadi ukuta wa ndani, mbali na jua la mlangoni, na ukuta wenyewe, uliokuwa wa waridi kwa ajili ya maharusi, akaupaka rangi ya kijivu, kwa sababu ukuta wa waridi humpaka uwaridi kila anayetazama skrini mbele yake. Majirani walimpa pole, wakidhani amefiwa. Mwenye nyumba, aliyekuja na futi kwa mara ya tatu, aliuona ukuta wa kijivu, sanduku la kijivu na skrini nzito isiyong'aa, akahisi kuna ofisi ya serikali imeingia, akaondoka bila kupima.

Alifungua picha ya Kabula. Ilitokea yote kwa mara moja, madoa na kovu na kila kitu, kabla hajanyanyua kidole. Dorotea, kwa mazoea, alikuwa ameshaanza kuinuka kwenda kuinjika chai. Akakaa tena. Alizitazama zote kumi na mbili, moja moja, akalisogeza hili, akaliacha lile. Sikio lililochanika akaliacha limechanika. Pasi hakuifuta, maana wahitimu wapo na mama wa Buhongwa yupo, lakini aliibadilisha jina. Sasa inaitwa Watu Tu.

Alhamisi ya mwisho aliyopewa, kamati ilikaa tena benchini. Alileta picha za karatasi, na alileta flashi, kwa kuwa tangazo lilisema picha itatunzwa katika kompyuta ya Umoja. Kompyuta ya Umoja ilikuwa laptopu ya Katibu. Antoni aliiweka magotini, akachomeka flashi, akafungua ya kwanza, na uso wake ukashuka.

Kwenye laptopu Kabula alikuwa na ubuluu. Benchi likainama kutazama, likanyooka. Mmoja alisema mashine mpya yote hiyo, na bado. Antoni, kwa huzuni ya kweli, alianza kutafuta kifungu cha sita.

Dorotea hakusogea. Aliomba laptopu na picha ya karatasi viwekwe pamoja juu ya benchi, kivulini. Vikawekwa. Vilikuwa ng'ombe wawili tofauti.

"Sasa rangi halisi ni ipi, dada?" Antoni akauliza. "Ya kwenye kompyuta ya Umoja, ambayo ndiyo iliyotajwa na tangazo, au ya kwenye karatasi, ambayo haikutajwa?"

"Ya Kabula, Katibu," Dorotea akasema. "Yule pale, wa nne kwenye foleni."

Kamati iligeuka. Kabula alikuwa wa nne kwenye foleni, kweli, anacheua mbele ya tangazo. Wakamtazama. Wakatazama karatasi. Wakatazama laptopu. Kisha, bila mtu kutoa pendekezo wala mwingine kuunga mkono, wajumbe wote saba wakamtazama Mzee Luhaga.

Mzee aliinuka, akaja, akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Huyu ni Kabula."

Akainama kwenye laptopu.

"Huyu alikufa jana," akasema, na akarudi kukaa.

Kazi ilipitishwa. Antoni aliandika kwenye muhtasari kwamba mfano umekubaliwa kwa kauli moja, ambayo ni kweli, ingawa hakuandika ilikuwa kauli ya nani. Ng'ombe waliobaki walipigwa picha Alhamisi zilizofuata, na Dorotea aliwatazama wote mia mbili na kumi na wawili, ubavu na uso, hadi akaanza kuwatofautisha ndama wa mama mmoja. Alimaliza siku tatu kabla ya tarehe. Muuza chipsi alipata mlango wa nne. Bado wanasalimiana, na saa za mchana studio inanukia viazi hata hivyo.

Tarehe mosi Julai utaratibu mpya ulianza kutumika kama ulivyotangazwa. Kwa tahadhari, picha zote zilichapwa pia na kuwekwa kwenye faili nene, ukurasa mmoja kwa kila ng'ombe, na laptopu ya Katibu imewekwa juu yake ili kurasa zisipeperuke. Chini ya kila ukurasa kamati iliongeza mstari usiokuwepo kwenye vile vifungu saba, unaosomeka "Rangi halisi, imethibitishwa na", na mbele yake, mara mia mbili na kumi na mbili, Mzee Luhaga ameandika jina lake kwa kalamu ya bluu.